Karatasi Haina Kidole



Kuna zoezi ambalo karibu kila aliyesoma Kiingereza katika shule zetu amelifanya. Ukurasa una ramani ya mji mdogo wenye barabara mbili zinazokatana. Kandokando ya barabara hizo kuna benki, posta, kanisa, maktaba, hoteli na duka la dawa. Chini ya ramani kuna sentensi zenye nafasi tupu, na mwanafunzi anatakiwa kuzijaza kwa "next to", "opposite", "behind", "between" au "in front of". Akizijaza sawasawa anapewa vema kumi, ukurasa unafunuliwa, na stadi ya kueleza mahali jengo lilipo inahesabiwa kuwa imekwisha kufundishwa.

Nalishitaki zoezi hilo. Kosa lake si Kiingereza chake, maana Kiingereza ni lugha ya kigeni yenye manufaa na inastahili kufundishwa vizuri. Kosa lake ni kwamba limeachiwa peke yake kazi ambayo haliiwezi. Kueleza kwa maandishi jengo lilipo kwa kulihusisha na majengo mengine ni stadi ya uraia, sawa na kuhesabu fedha au kusoma tangazo. Sisi tumeihamishia katika somo la lugha ya kigeni, tukaifundisha kwa maneno matano, kisha tukaisahau katika Kiswahili, ambako ingefundishwa kwa utajiri wake wote. Hasara yake haiishii darasani. Inafika kwenye mkataba wa kiwanja, kwenye simu ya kuwaita zimamoto, na mbele ya hakimu.

Lawama ya kawaida huelekezwa kwenye picha. Wakosoaji husema mji ule wa kitabuni si wetu: barabara zake zimenyooka kama rula, kila jengo lina kibao, na hakuna hata genge moja la nyanya. Lawama hiyo ni ya haki, na baadhi ya watunzi wa vitabu wameisikia. Siku hizi utakuta ramani zenye soko, msikiti, zahanati na kituo cha daladala. Lakini kubadilisha picha ni kubadilisha nguo za mgonjwa. Mtoto bado anatakiwa ayatazame majengo hayo kupitia viunganishi vitano vya kigeni, bila kwanza kufundishwa kuyatazama kwa lugha anayoifikiria.

Hebu tuone lugha hiyo ina nini.

Kiswahili kina ngeli tatu za mahali, za pa, ku na mu, na kila moja ina kazi yake. Chukua taarifa ya moto. Anayesema "Sokoni pana moto" anaonyesha mahali mahususi, penye mpaka unaojulikana. Anayesema "Sokoni kuna moto" anataja upande au eneo kwa ujumla. Anayesema "Sokoni mna moto" ametangaza kwamba moto uko ndani. Irabu na konsonanti chache tu zimekwisha kumwambia mzimamoto kama aje na mipira ya kuzungushia nje au ajiandae kuingia. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mitaani "kuna" imezimeza "pana" na "mna". Hilo ndilo ambalo shule ingepaswa kulirekebisha. Badala yake, katika somo la Kiswahili, ngeli ya mahali huandikwa ubaoni kama jedwali, mwanafunzi huikariri, mtihani huiuliza, na hakuna anayemwambia mtoto kwamba jedwali hilo ni chombo cha kazi. Kwa hiyo walimu wenzangu wa Kiswahili nao wamo katika mashitaka haya.

Kisha tuna vitenzi vyenye kiambishi cha kutendana. Katika Kiswahili majengo hayakai tu, yanahusiana. Nyumba mbili hupakana, yaani zina mpaka mmoja. Huungana, yaani zina ukuta mmoja. Hufuatana, yaani ziko katika safu moja hata kama kuna kichochoro katikati. Hukaribiana bila kugusana. Hutazamana, milango ikielekeana. Hupeana mgongo, ua wa hii ukiwa nyuma ya ua wa ile. Mahusiano manne ya mwanzo yote yangeweza kujazwa "next to" katika zoezi letu, na mwalimu akaweka vema. Kiingereza chenyewe si maskini kiasi hicho. Mwanasheria wa Uingereza ana maneno ya kutenganisha nyumba iliyopakana na nyumba iliyo jirani tu. Kinachofika kwa mtoto wetu ni makapi ya Kiingereza, na makapi hayo ndiyo yanayofanywa kipimo cha kama anajua kueleza mahali.

Hata majina ya pande za dunia yanatudai heshima. Kaskazini ni upande unakotoka kaskazi, upepo unaovuma pwani yetu kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Machi. Kusini ni upande wa kusi, upepo unaoipokea zamu baada ya hapo. Katika mwambao, kaskazini huitwa pia kibla, kwa kuwa huko ndiko wanakoelekea wanaosali, na mihrabu ya msikiti humwambia mgeni upande wa kaskazini kabla hajauliza. Mji wa kale wa Lamu una neno lake, wikio, kwa chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kuziunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Watu waliokuwa na neno kwa jengo linalounganisha majengo hawakusubiri ramani ya kitabuni ili wajifunze mahusiano ya majengo.

Sasa nifike kwenye neno linalonisumbua kuliko yote: mbele.

Abiria anapomwambia kondakta, "Nishushe mbele ya msikiti", mara nyingi anataka daladala liupite msikiti kwanza, lisimame baada yake. Mbele hapa inafuata safari. Kwa mantiki hiyohiyo, kituo cha nyuma ni kile tulichokwisha kukipita. Lakini Kiswahili kina mbele nyingine, ya jengo lenyewe. "Mbele ya nyumba" ni upande wa mlango na baraza, na nyuma yake ni uani. Mbele ya kwanza inamfuata msafiri na mbele ya pili inaufuata mlango. Mzungumzaji aliyekomaa huzitenganisha bila kujua kwamba anazitenganisha. Akiona utata atasema "ukishaupita msikiti" au "mlangoni pa msikiti".

Mwanafunzi naye huambiwa kwamba mbele ya ni "in front of", basi. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa mbele ya mlango, na ni potofu kwa mbele ya safari. Mtoto anayeandika kwamba duka liko "in front of" msikiti, akiwa na maana ya ukishaupita, amempeleka msomaji mahali pasipo na duka. Atakosolewa? Hapana, kwa sababu sarufi yake ni safi. Zoezi linapima kama kiunganishi kimekaa mahali pake katika sentensi. Halipimi kama jengo limekaa mahali pake mtaani.

Hayo yangekuwa mabishano ya wanaisimu kama yasingekuwa na gharama. Yana gharama, na inayolipwa kwa uchungu zaidi ni ya ardhi.

Katika nchi hii viwanja na mashamba mengi huuzwa kwa karatasi inayoandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Karatasi hiyo huwa ya Kiswahili. Kiini chake ni mistari minne: kaskazini amepakana na fulani, kusini na fulani, mashariki kuna barabara, magharibi kuna mfereji. Mistari minne hiyo ndiyo ramani ya masikini. Hana hati, hana mpimaji, hana jiwe la mpaka. Ana maelezo ya nini kiko karibu na nini. Baada ya miaka kumi, fulani wa kaskazini amefariki na warithi wamegawana, mfereji umefukiwa, barabara imepanuliwa, na maelezo hayaelezi tena kitu. Aliyeyaandika hakufundishwa kwamba jina la jirani ni alama dhaifu kuliko jengo la kudumu. Hakufundishwa kwamba umbali uandikwe kwa hatua au mita, wala kwamba kupakana na kukaribiana ni vitu viwili.

Mgogoro ukizuka, sheria haina huruma. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inataka hati ya madai inayohusu mali isiyohamishika iwe na maelezo yanayotosha kuitambua mali hiyo. Kama ina namba ya hati miliki, namba itajwe. Kama haina, kinachobaki ni maneno. Wapo wadai ambao mashauri yao yamekwama au kuondolewa kwa sababu maelezo ya mahali, ukubwa na mipaka hayakutosha. Haki yao haikushindwa kwa ushahidi. Ilishindwa kwa insha.

Na kwa miongo mingi insha hiyo ilipitia tundu la lugha mbili. Juu ya mahakama za mwanzo, shahidi alizungumza Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa Kiingereza. Fikiria mzee anayesema mbele ya hakimu, "Nyumba yangu iko mbele ya kisima", akiwa na maana ya ukikipita kisima ukitokea barabarani. Fikiria kalamu inayoandika "in front of the well". Sentensi hiyo ikishaingia katika kumbukumbu ya shauri, ndiyo itakayosomwa na majaji wa rufaa ambao hawatamwona mzee wala kisima. Mahakama ina uwezo wa kwenda kukagua eneo lenyewe, na hufanya hivyo inapolazimu, lakini haiwezi kukagua kila kisima.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya kuendeshea mashauri katika mahakama na mabaraza, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapohitaji hivyo. Mwaka 2022, kuelekea Sensa ya tarehe 23 Agosti, Serikali ilitekeleza operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ilipewa majina na nyumba zikapewa namba, kwa Kiswahili. Mambo mawili makubwa yalifanyika mfululizo. Dola iliamua kuzungumza Kiswahili juu ya haki, na ikaamua kuyataja majengo yake kwa Kiswahili. Nauliza: ni lini shule iliamua kumwandaa raia kwa maamuzi hayo? Kijana anayemaliza kidato cha nne amejifunza usomaji wa ramani katika Jiografia kwa Kiingereza na viunganishi vya mahali katika somo la Kiingereza. Katika Kiswahili amebakiwa na jedwali la pa, ku, mu. Halafu tunamkabidhi kalamu na kumwambia aandike mipaka ya shamba la baba yake.

Hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakimudu Kiingereza kwa kiwango cha kujifunzia masomo mengine. Kwa ugunduzi huo mtu angetarajia lugha ya kufundishia ibadilishwe. Ushauri uliotolewa ulikuwa kukiendeleza Kiingereza, na ukafuatiwa na mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza. Tangu hapo wanazuoni wetu, akiwemo Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameeleza bila kuchoka kwamba kufundisha Kiingereza vizuri ni jambo moja na kufundishia kwa Kiingereza ni jambo jingine. Zoezi la benki na posta ni mfano mdogo wa mkanganyiko huohuo. Tumelipa somo la lugha ya kigeni kazi ya kumfundisha mtoto dhana yenyewe, na limeshindwa yote mawili.

Najua majibu mawili yanayonisubiri.

La kwanza ni la watu wa soko. Kiingereza ndicho kinachomwelekeza mtalii Forodhani na mwekezaji Kurasini, hivyo tuongeze Kiingereza, tusipunguze. Nami sijaomba kipunguzwe hata kipindi kimoja. Naomba kifundishwe kwa kulinganishwa. Mwalimu aandike "mbele ya" mbili ubaoni, aonyeshe kwamba moja huenda kwa "in front of" na nyingine kwa "past", kisha awatoe watoto nje wakazijaribu kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na jiko la shule. Mwongoza watalii aliyefundishwa hivyo hatampoteza mgeni. Aliyejaza nafasi tupu atampoteza, kwa sarufi safi.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na huja kutoka kwa wapenzi wa Kiswahili. Wanasema mtoto wetu anajua kuelekeza tangu anapotumwa dukani, na hakuna haja ya kumfundisha anachokijua. Nawasihi wasikilize tunavyoelekezana. "Shuka Mapipa, ingia kichochoro kile, ukifika pale kwenye mti ulizia, kila mtu anamfahamu." Kile kipi? Pale wapi? Lugha yetu ya kila siku ya kuelekeza inaegemea mkono ulionyooshwa, uso unaojulikana, na jirani atakayeulizwa. Ni lugha ya ukarimu, na kuuliza si ujinga. Lakini mkataba hausomwi na jirani. Shauri halisikilizwi chini ya mti. Mzimamoto anayepokea simu usiku haoni mkono wako. Karatasi haina kidole. Umbali kati ya kusema ukiwa umenyoosha kidole na kuandika bila kidole ndio umbali ambao shule iliundwa ili kuuvuka. Tunawaacha watoto upande wa kwanza, kisha tunawashangaa wananchi wanapozama katikati.

Namba za nyumba nazo hazitatuokoa peke yake. Namba husema nyumba ni ipi. Haisemi mlango unatazama wapi, kichochoro kinapitika na gari au la, wala ukuta ni wa nani. Na shamba la kijijini, ambako migogoro ni mikali, halina kibao mlangoni kwa sababu halina mlango.

Basi nini kifanyike? Nina madai matatu, na yote yanawezekana kwa bajeti tuliyonayo.

Kwanza, Taasisi ya Elimu Tanzania iingize katika somo la Kiswahili, kuanzia madarasa ya juu ya shule ya msingi, utunzi wa maelezo ya mahali. Mtihani wake uwe wa vitendo. Mwanafunzi aandike aya moja inayoeleza jengo fulani la mtaani lilipo, bila kutumia "pale", "kule" wala jina la mtu. Mwanafunzi wa darasa jingine apewe aya hiyo, aende alitafute. Akilipata, mwandishi amefaulu. Ngeli ya mahali ifundishwe humo, ikiwa kazini.

Pili, ofisi za mitaa na vijiji zipatiwe fomu ya mauziano yenye maswali kamili: mpaka huu umewekwa na nini, kitu hicho ni cha kudumu au la, kuna hatua ngapi kutoka kona hadi kona, mlango unaelekea upande gani, njia ya kuingilia inapita kwa nani. Watendaji wafundishwe kuijaza. Baraza la Kiswahili la Taifa liandae kijitabu chembamba kinachofafanua kupakana, kuungana, kufuatana, kutazamana, mkabala na ng'ambo, ili hakimu wa Kigoma na mtendaji wa Tanga wasome neno moja kwa maana moja.

Tatu, mahakama, ambazo sasa zina ruhusa ya sheria, ziandike ushahidi wa mahali kwa lugha aliyoitumia shahidi. Hata pale hukumu inapolazimika kuandikwa Kiingereza, maneno ya shahidi kuhusu mpaka yanukuliwe kama alivyoyatamka. Tafsiri ifuate, isitangulie.

Wanafunzi wangu watasema dai la kwanza linawahusu watunga mitaala, watumishi watasema la pili linahitaji waraka, na wanaharakati watataka kongamano. Kabla ya waraka na kongamano, kila mmoja wenu afanye jambo moja wiki hii. Itafuteni karatasi ya kiwanja cha nyumbani kwenu, ile iliyofungwa katika mfuko wa nailoni chini ya nguo za mama. Isomeni mipaka yake kana kwamba nyinyi ni wageni mlioshushwa mtaani hapo kwa mara ya kwanza, na majirani wote wamehama. Je, mngekiona kiwanja? Kama jibu ni hapana, kaeni na wazee wenu wakiwa bado wanaikumbuka mipaka, iandikeni upya kwa Kiswahili kilichonyooka, shuhudianeni, na ipelekeni kwa mtendaji aigonge muhuri.